Mwenyeji wa Kifua

Agosti, Nkuhungu. Upepo umeamka kabla yetu,
umebeba uwanja mzima wa shule
na kuumwaga dirishani kwangu.
Niko kwenye cherehani, nashona barakoa
za vitenge vilivyobaki, mia tano kila moja,
na mimi mwenyewe siwezi kuivaa
ukaisha hata wimbo mmoja redioni.

Pumu yangu ya zamani. Ilinikuta Hombolo
nikiwa na miaka sita, siku ya kupura uwele,
makapi yakiruka. Bibi akaniinamisha
akanipiga mgongoni kama anayekung'uta mkeka.
Tangu hapo tunaishi pamoja. Naujua mwendo wake:
huanza na mwasho wa kidevu,
halafu filimbi, nyembamba,
halafu mlango, unaofungwa polepole kwa nje.

Mwaka huu amekuja mwingine.
Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Huyu hapana.
Nikauliza usiku, mkono kifuani:
akibisha hodi, wewe mwenyeji utamfungulia?
Mtapigana humo ndani, au mtagawana vyumba?
Haikujibu. Ilipiga filimbi.

Nilikohoa mara moja tu,
foleni ya unga, Majengo,
na nafasi ikapatikana, hatua nne kila upande.
"Ni pumu," nikasema. "Pumu tu."
Mara ya kwanza maishani mwangu
kulitamka jina hilo kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

Jioni Mbeleje akaja na sufuria:
mkaratusi, mwarobaini, tangawizi, malimau mawili.
"Jifunike blanketi, vuta, kitoke chote."
Mbeleje, mwenye mapafu ya kupandisha ndoo mbili
kutoka bombani bila kutua.
Nikavuta. Mvuke ukanikaba kwa mikono miwili.
Nilitambaa hadi mlangoni, midomo imekuwa zambarau,
naye nyuma yangu analia:
"Nimekuua, Sechelela, nimekuua."

Kliniki, tabibu Chilongani alikaa mbali,
sauti yake ikichujwa na kitambaa.
"Mvuke achana nao. Pampu ya kahawia usiiache.
Wengi wameacha, wanaogopa hata kuja hapa.
Pumu iliyofungwa kamba si sawa na iliyo porini.
Ya kamba, hatuoni kama inamwita huyu mgeni.
Ya porini wakikutana, sikuahidi kitu."
Na ya kamba, unaniahidi?
Akaitazama kalamu yake.
"Asubuhi mara mbili, jioni mara mbili.
Ukimaliza, sukutua."

Basi nikachukua kipande cha kitenge.
Kila mvuto mshono mmoja, uzi mwekundu,
nijue pampu imebakiza pumzi ngapi.
Safu ya kwanza imenyooka.
Ya pili imepinda, hiyo ndiyo wiki yenyewe:
homa, uji usionukia, chai kama maji ya kuoshea vikombe,
mwenyeji na mgeni wakinong'onezana mbavuni
nami nahesabu, nashona, nahesabu.
Siku ya tisa nilinusa mafuta ya cherehani.
Nililia, mtu mzima, kwa harufu ya mafuta ya cherehani.

Mbeleje hakunusa tena.
Hakuwa na filimbi, hakuwa na pampu,
hakuwa na kadi ya kliniki hata moja.
Kifua chake kilikuwa nyumba iliyofagiliwa.
Nimeligeuza jambo hili mbele na nyuma
kama kitambaa kisicho na upande wa ndani,
sijaona pa kuanzia kukata.
Nilimuuliza Chilongani. Akasema hata yeye
amezika asiowatarajia,
na kwamba kupona kwangu nisikufanye kuwa dawa ya mtu.

Sufuria yake ninayo. Mfuniko uko kwao.
Hakuna aliyeufuata wala aliyeifuata.

Upepo umegeuka, sasa unatoka upande wa makaburi.
Nafunga dirisha. Naitafuta pampu kwenye boksi la vifungo.
Kidevu kinawasha.